Kutoka Lubumbashi hadi Kipushi kwa Miguu: Namna ya Kuupima Mwili na Moyo

Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kujua nguvu zake na uvumilivu wake vinaishia wapi hahitaji kutafuta mlima wenye theluji. Barabara ya Kipushi, yenye urefu wa kilomita 30 hivi kuelekea mpaka wa Zambia, inatosha kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa ni ndefu kiasi cha kumchosha hata kijana mwenye afya njema, na kwa kuwa pikipiki na magari yanayopita humwezesha mtu kukatiza safari wakati wowote. Sababu hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi: anayejipima mahali pasipo njia ya kurudi hajipimi, bali anaiweka roho yake rehani.

Safari ifanywe katika kiangazi, hasa Juni au Julai, wakati asubuhi huwa na baridi kali kwa sababu mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Oktoba haifai kwa anayeanza, maana joto hupanda sana kabla ya mvua kunyesha. Vumbi jekundu la malori halikwepeki katika miezi hiyo, hivyo beba kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Jiandae kwa wiki nane angalau. Tembea saa moja mara tatu kwa wiki, na siku moja usiyokwenda kazini uongeze umbali hatua kwa hatua hadi ufikie kilomita 20 bila kuumia. Viatu vya safari viwe ni vile vile ulivyovizoea katika mazoezi, kwa sababu malengelenge yatokanayo na viatu vipya yanaweza kumsimamisha mtu ambaye mapafu na misuli yake bado ina nguvu.

Jioni ya mwisho, ukiwa umeshiba na umetulia, andika masharti yako kwenye karatasi: saa ambayo lazima uwe umevuka nusu ya njia, dalili zitakazokufanya usimame, na mtu utakayempigia simu. Mpe mwenzako wa safari karatasi hiyo, nawe uahidi kumtii atakapokusomea. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu uchovu hauishii miguuni. Huishambulia pia busara inayotakiwa kuamua kama uendelee au urudi, na mtu aliyechoka sana hujiona yuko salama hata pale anapoanza kujibu maswali ovyo.

Ondoka alfajiri, na utembee upande wa kushoto wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, kwa kuwa nchini Kongo magari hupita kulia. Usiingie porini kutafuta njia ya mkato: kuna mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi, na mpaka uko karibu. Kadi ya mpiga kura, ambayo hutumika kama kitambulisho, iwe mfukoni.

Saa ya kwanza nenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kunywa kidogo kidogo, yapata nusu lita kwa saa, na zaidi jua likiwa kali, lakini usijilazimishe kunywa maji matupu kupita kiu, kwa sababu maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu na yanaweza kuua. Karanga zenye chumvi, ndizi na viazi vitamu vilivyochemshwa, vikiliwa kidogo kila saa, vinafaa kuliko sahani kubwa ya bukari, yaani ugali, katikati ya njia.

Ugumu wa kweli huja mara nyingi baada ya theluthi mbili za safari, pale mji umeshatoweka nyuma na Kipushi bado haijaonekana. Hapo acha kuzihesabu kilomita zilizobaki. Chagua kichuguu kimoja kikubwa mbele yako, na katika nchi hii vipo virefu kuliko nyumba, kisha ufike hapo tu, halafu uchague kingine. Maumivu mazito yaliyoenea sawasawa katika miguu yote miwili ni uchovu, na yanavumilika. Maumivu makali ya mahali pamoja yanayokufanya uchechemee ni jeraha: panda pikipiki urudi. Kizunguzungu, kutapika au kuchanganyikiwa wakati wa joto ni hatari ya haraka. Mgonjwa alazwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na apelekwe hospitali bila kusubiri.

Ukifika, usirudi kwa miguu siku hiyo hiyo. Pumzika siku kadhaa, kisha uisome tena ile karatasi na mwenzako, muandike ni sharti gani mlikaribia kulivunja na wakati gani. Maelezo hayo ndiyo msingi wa kupanga safari ngumu zaidi, kama ile ya maporomoko ya Lofoi katika Hifadhi ya Kundelungu, ambako maji huanguka zaidi ya mita 300, na ambako hupaswi kwenda bila ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi na mwongozaji anayeijua njia.