Jibini ya maziwa mabichi na joto letu la kusini

Wafugaji kadhaa wa Masasi na Nachingwea wameniuliza kama maziwa yanayozidi wakati wa masika wanaweza kuyatengenezea jibini. Tengenezeni, ni biashara nzuri. Kinachonitia wasiwasi ni swali linalofuata: "Lazima tuyapashe moto? Mbona Wazungu wanakula ya maziwa mabichi?"

Wanakula, kweli. Ufaransa jibini hizo zina heshima kubwa. Lakini hukomazwa wiki kadhaa hadi miezi kwenye vyumba vyenye baridi ya nyuzi 10 hadi 13 hivi, tena kwa maziwa yanayopimwa maabara. Marekani sheria inataka jibini ya maziwa mabichi ikae siku zisizopungua 60 kabla ya kuuzwa, na hata hizo 60 hazijawa kinga kamili. Wewe wa Mtwara, ambako hata usiku wa Julai hulali na blanketi zito, chumba hicho utakitoa wapi? Jibini yako ni ya kuliwa wiki hiihii, laini na yenye majimaji, na humo ndimo bakteria hustawi zaidi.

Ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba kwa brusela, ugonjwa wa bakteria wa mifugo unaoambukiza na watu, anaweza kutoa vimelea kwenye maziwa kwa muda mrefu huku ukimwona mzima. Mtu akiambukizwa, homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma. Anameza dawa ya malaria mara tatu na haponi. Listeria, bakteria mwingine wa kwenye maziwa, ni katili kwa mjamzito. Mama anaweza kuhisi mafua tu, kisha mimba ikatoka, na kwa kuwa dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, hakuna anayeikumbuka jibini, atasingiziwa jirani. Mwaka 1985 huko Los Angeles, Marekani, jibini laini iliugulisha watu 142 na vifo vikafika 48, 30 kati ya hivyo vikiwa vya watoto walio tumboni na wachanga. Na usitegemee chumvi. Listeria huvumilia chumvi, na ndani ya friji huendelea kuzaana, polepole tu.

Kwa hiyo pasha maziwa. Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, koroga, tumbukiza kipimajoto katikati bila kugusa kitako. Ikifika nyuzi 63, hapo ndipo uanze kuhesabu dakika 30, na isishuke. Kisha ipooze haraka kwenye beseni la maji baridi hadi nyuzi 32 au 35 ndipo utie kimea, yaani bakteria wazuri wa kuchachusha, na dawa ya kugandisha. Najua Newala na Tandahimba maji ni ya kubebwa kichwani. Hayo ya kupoozea hayajachafuka, mnyweshe ng'ombe.

Huna kipimajoto? Achana na jibini ya kugandisha kwa dawa. Chemsha maziwa mpaka yafure, epua, tia maji ya ndimu kidogokidogo hadi yakatike, chuja, kandamiza. Mimi binafsi ndiyo ninayowashauri wanaoanza.

Ila moto hausafishi kila kosa. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakakaa kwenye dumu mpaka adhuhuri, au yaliyotoka kwenye kiwele chenye ugonjwa, yanaweza kuwa na sumu ya bakteria wa usaha, na sumu hiyo haifi hata ukichemsha. Kabla ya kukamua, toa michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge au damu, maziwa ya ng'ombe huyo hayaingii. Aliyechomwa sindano ya antibiotiki naye asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, maana maziwa yake hata kimea hukiua, utashangaa mbona hayagandi.

Halafu kuna kitambaa. Nilimkuta mama mmoja, sufuria inang'aa, kipimajoto anakijua vizuri kuliko mimi. Akamaliza kupasha, akachujia kwa kipande cha kanga kilichoanikwa kwenye uzio wa banda la kuku. Kazi yote ya moto ikaishia pale. Kitambaa kichemshwe dakika 10 kila mara, kikiisha kuchakaa kitupwe. Mwenye kidonda kidoleni asiguse jibini siku hiyo. Dumu la plastiki lililokwaruzika usilitumie kwa maziwa, halisafishiki. Keni ya alumini ni ghali, lakini inadumu.

Siku ya pili ikate jibini uitazame. Ikivimba kama andazi na kujaa vitundu vidogovidogo, mara nyingi ni kinyesi kimeingia mahali fulani. Usiionje, usimpe mtoto, ifukie, kisha urudi kuangalia zizi na mikono ya mkamuaji. Iliyo nzima iende kwenye friji, nyuzi 4 au chini ya hapo, na umeme ukikatika kutwa nzima usiiuze kwa kuona haya kupata hasara. Na ukitaka kuuza kwenye hoteli za Mikindani, muone kwanza afisa mifugo wa kata akuelekeze usajili Bodi ya Maziwa na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na umwombe pia ng'ombe wako wapimwe brusela.