Jinsi ya kuchora uwanja wa mbio wa mita 400 shuleni kwa waya na chokaa tu

Walimu wa michezo wenzangu wa hizi shule za kata, hii ni yenu. UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) ikikaribia wengi tunamwaga chokaa kwa kukadiria macho, tunawapanga watoto wote kwenye mstari mmoja wa mita 400 halafu filimbi, sasa yule wa leni ya 6 hapo anakimbia mita 38 zaidi ya mwenzie wa leni ya 1, anamaliza wa mwisho, anaachwa. Inaniuma sana hii maana niliwahi kumwacha binti mmoja hivyohivyo na nikaja kugundua baadaye ndo alikuwa na mbio kuliko wote. Mkimbiaji wetu Simbu kule kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 alichukua dhahabu ya marathoni kwa sekunde 0.03 tu, sisi tunagawa mita 38!

Kwa leni 6 unahitaji eneo la mita 173 kwa 88. Tafuta tepu ndefu, vigingi, chokaa na waya, manila usitumie inavutika.

Vuta mstari katikati ya uwanja, piga vigingi viwili vilivyoachana mita 84.70. Hivyo ndo roho ya kazi yote, vigongelee visicheze. Toka kila kigingi pima mita 36.50 kushoto na kulia kwa skwea (mita 3 huku, mita 4 kule, mshazari usome mita 5) upate pembe nne. Sasa pima mshazari wa kutoka pembe hadi pembe, yote miwili isome 111.82, ikipishana rudia kabla hujagusa chokaa.

Halafu funga waya kwenye kila kigingi cha kati, urefu 36.50, mwanafunzi mmoja anatembea nao umekaza na mwingine anamwaga chokaa nyuma yake, hapo umepata kona. Kila leni ongeza 1.22 mpaka ufike 43.82, kisha unganisha kona kwa mistari iliyonyooka. Kuhakiki, zungusha tepu sentimita 20 nje ya mstari wa ndani kabisa maana mkimbiaji hakanyagi mstari, ijumlishe 400.

Sasa mistari ya kuanzia, hapa ndo haki ya mtoto ilipo. Mbio za 400 leni ya 1 inaanzia mstari wa kumalizia, leni ya 2 inasogea mbele mita 7.67, ya 3 15.34, unaongeza hivyohivyo, na unapimia palepale sentimita 20 toka mstari wa ndani wa leni husika. Za 200 ni nusu yake. Za 100 rudisha mstari wa kuanzia nyuma mita 15.30 toka pale kona inapoishia.

Kama eneo dogo chora wa mita 200, vigingi 42.82, waya 18, na kwa mbio za mzunguko mmoja kila leni bado inasogea mbele 7.67 ileile.

Ukimaliza vile vigingi viwili vya kati badilisha weka nondo fupi, zididimize chini kabisa ya udongo mtu asijikwae, andika zilipo, mwakani utaanzia hapo.