Namna ya kuisoma The Joy Luck Club bila ya kupotea

Riwaya hii ya Amy Tan, mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina, iliyotoka 1989, niliiacha mara mbili. Kila nikifungua sura namkuta mtu mwengine anasema "mimi", nami simjui ni nani. Mara ya tatu niliimaliza, hapa Wete, ukumbini kwa mama.

Anza na karatasi. Andika nyumba nne za wanawake wa Kichina waliohamia San Francisco, mama na binti yake: Suyuan Woo na Jing-mei, anayeitwa pia June, An-mei Hsu na Rose, Lindo Jong na Waverly, Ying-ying St. Clair na Lena. Ibandike ndani ya jalada. Hadithi ni 16, mafungu manne. Mama wanasimulia fungu la kwanza na la nne, mabinti la pili na la tatu. Suyuan keshafariki kitabu kinapoanza, kwa hivyo Jing-mei anakaa pahala pake, mezani na kwenye kusimulia. Ndiyo maana sauti ni saba.

Meza yenyewe ni ya mahjong, mchezo wa vigae wa watu wanne, ambao mama hawa hukutana kuucheza; kikao chao ndicho Joy Luck Club ya jina la kitabu. Kanuni zake zisikushughulishe. Tazama fedha: wanawake hawa wanachanga, kama sisi kwenye upatu, ila wao wananunua hisa. Na wale ambao Jing-mei anawaita shangazi si ndugu wa baba yake. Ni mashoga wa mama yake.

Sasa ncha yenyewe ya kitabu. Waverly anampeleka mchumba wake, Rich, kula kwao. Lindo anaonja chakula anachojivunia kuliko vyote, anasema hakina chumvi, hakina ladha. Rich anachukua sosi ya soya anaimimina juu. Mpemba hahitaji kuelezwa msiba uliotokea hapo. Mama yangu anaandaa wali wa nazi na mchuzi wa pweza tangu asubuhi, halafu anamwambia mgeni, "Karibu mwanangu, hamna kitu." Mgeni akikubali kwamba hamna kitu, basi tena! Kwa hivyo kila mama wa kitabuni anapokidharau kitu, simama, jiulize anakisifu nini. Mara nyingi anachokishusha ni kile anachokipenda mno, na mara nyingi ni bintiye.

Sikiliza lugha pia. Mabinti wakiwanukuu mama zao, Kiingereza kinatoka kimevunjika. Mama hao hao wakisimulia wenyewe, maneno yanatiririka. Dada yangu yuko Maskat, wanawe wanamjibu kwa Kiarabu. Aliwahi kunambia, "Wanayasikia maneno, mimi hawanisikii." Nilipofika fungu la tatu nilimkumbuka yeye, nikakifunga kitabu nikampigia simu.

Fuata mpangilio wa kitabu, ila kabla ya hadithi ya binti rudia kurasa mbili za mwisho za mama yake. Hapo utaona binti analalamikia jambo ambalo mama alishalilipia China, akiwa mdogo kuliko yeye. Vijihadithi vinavyofungua kila fungu ni vifupi. Visome mara mbili, uendelee.

Hadithi ya mwisho, Jing-mei yumo kwenye treni na baba yake wanaingia China, usiikate. Ianze baada ya Isha, simu iache chumba chengine, na karatasi yako ya majina iwe karibu.