Somo: Lenzi sita kabatini, mbili begini

Wapendwa, wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano: "Dada, kesho nina kazi, nibebe nini?" Nikiuliza mtu ana nini, natumiwa picha ya kabati zima. Sasa naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Napiga picha Kigoma mjini. Kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu za mitaa ya Mwanga na Ujiji, na mara chache nawasindikiza wageni wanaokwenda Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na bodi mbili za Canon (bodi ni kamera bila lenzi), lenzi sita (16-35, 24-70, 35, 50, 85 na 70-200, zote kwa milimita: namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu), flashi tatu na stendi mbili. Sikununua hata kimoja kwa ufahari. Kila kifaa nilikinunua baada ya kazi fulani kunishinda, ndiyo maana kukiacha nyumbani kunauma, na nadhani ndiyo maana wengi wenu mnabeba vyote. Lakini begi zito lina gharama yake ukumbini: unapolitafutia lenzi ya 85, mama wa bibi harusi ameshafuta machozi.

Hatua ya 1. Mwaga kila kitu kwenye mkeka. Usichague vitu vikiwa bado begini.

Hatua ya 2. Hesabu ulichotumia kweli. Fungua kazi zako tatu za mwisho, na uangalie picha ulizomkabidhi mteja tu, si zote ulizopiga. Kila faili limehifadhi jina la lenzi na milimita zilizotumika. Programu ya Lightroom inakuchujia yenyewe. Kama huna, fungua folda kwenye Windows, ipange kwa orodha ya maelezo, kisha ongeza safu ya Focal length, yaani milimita za lenzi. Mimi nilikuwa naapa siwezi kutoka bila 16-35. Nilipohesabu, picha zake zilizomfikia mteja zilikuwa nne, na tatu kati ya hizo ni za ukumbi mtupu kabla wageni hawajaingia. Zaidi ya nusu ya kazi yote ilikuwa ya 35. Niliona uchungu, nikahesabu tena, ikawa vilevile.

Hatua ya 3. Andika picha ambayo ukiikosa, kazi imeharibika. Iandike kwenye karatasi, sentensi moja. Usiorodheshe picha zote zinazowezekana, kwa sababu orodha hiyo ndiyo inayojaza begi.

Chukua ndoa ya Ujiji. Akid, yaani mkataba wa ndoa ya Kiislamu, ikishasomwa, bwana harusi anapelekwa chumbani kumpa mkono bibi harusi. Chumba kina futi kumi kwa kumi, kimejaa mashangazi na marafiki wa bibi harusi, mapazia yamefungwa, taa ni moja juu ya kabati. Ukirudi nyuma hatua moja unamkanyaga bibi wa watu. Hapo 35 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi) inafanya kila kitu, na 70-200 ni mzigo tu wa kugongea watu vichwa. Nenda kanisani wiki inayofuata, mambo yanageuka: mchungaji hataki usogee madhabahuni, pete inavishwa mita kumi na tano kutoka ulipozuiwa. Sasa 70-200 ndiyo kazi yenyewe, na 35 inasubiri sherehe ya jioni. Mpiga picha ni yuleyule, mji ni uleule, lakini begi si lile.

Gombe nako kuna yake. Unakaa mita 10 kutoka kwa sokwe, umevaa barakoa, na flashi hairuhusiwi. Chini ya miti mwanga ni hafifu hata saa sita mchana. Njia zinapanda kutoka ufukweni kwa mteremko mkali, na ukiambiwa sokwe wamehamia bonde la pili unapanda tena. Canon 70-200 ya f/2.8 ina kilo moja na nusu hivi, wakati 50 ya f/1.8 ina gramu 160. Tofauti hiyo huisikii sebuleni. Utaisikia magotini.

Hatua ya 4. Lenzi mbili: moja ya picha uliyoiandika, moja ya mengineyo. Bodi ya pili kama umelipwa. Betri mbili kwa kila bodi, zilizochajiwa usiku huo huo, na memori kadi mbili tupu.

Hatua ya 5. Boti. Someni polepole, maana hapa mimi nilipoteza kamera.

Gombe haina barabara, unakwenda kwa boti tu, na wengi tunapandia mwalo wa Kibirizi. Safari ile nilibeba mabegi mawili. La kwanza nililipakata. La pili nililiita la akiba, lina bodi ya pili, 85 na 24-70, nikalisukuma chini kati ya magunia kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Boti zetu za mbao huvuja kidogo, kijana anakaa nyuma anachota maji kwa kopo, hakuna anayeshtuka. Upepo ukainuka katikati ya safari. Boti ilipokuwa ikipanda wimbi, yale maji ya chini yalikimbilia nyuma. Ikishuka, yanakuja mbele, yanapita katikati ya magunia. Nilipofungua begi ufukweni, sponji ya chini ilikuwa nzito kama mkate uliotoswa kwenye chai. Ndani ya kioo cha nyuma cha 85 kulikuwa na tone moja linatembea. Bodi ilikuwa inachuruzika kwenye mlango wa betri.

Halafu nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Niliiwasha nione kama ni nzima. Skrini ikatoa mistari ya zambarau, ikazima, haikuwaka tena. Fundi aliyeifungua baadaye alinionyesha alama nyeusi ndogo kuliko punje ya ulezi: umeme ulipita kukiwa na maji, ukaunguza. Na picha zote za siku ile, kila moja niliyomkabidhi mgeni, zilitoka kwenye begi nililolipakata. Lile la akiba halikuwa na kazi yoyote kule.

Kwa hiyo:

Usiweke begi la kamera sakafuni mwa boti, hata kama sakafu ni kavu mnapoondoka.

Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, ioshe, tandika taulo, weka vifaa humo. Ikianguka inaelea. Ijaribu kwanza nyumbani: weka gazeti kavu ndani, funga, izamishe kwenye pipa la maji robo saa. Gazeti likilowa hata pembeni, tafuta nyingine.

Usibadilishe lenzi ndani ya boti. Chagua ufukweni, funga, nenda nayo.

Kifaa kikilowa, USIWASHE. Toa betri, toa kadi, toa lenzi, futa, weka kivulini penye upepo, kisha mpelekee fundi. Usianike juani. Ziwa letu ni maji baridi, tuna afadhali kuliko wenzetu wa bahari ambao chumvi inaendelea kula chuma hata maji yakishakauka, lakini afadhali hiyo haikupi ruhusa ya kubonyeza swichi.

Hatua ya 6. Vinavyobaki nyumbani. Lenzi iliyokaa gizani kwenye begi lenye unyevu huota fangasi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui katikati ya vioo, na zikikaa muda mrefu hula tabaka la juu la kioo. Masika usiziache begini. Ziweke kwenye kontena la plastiki linalobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kila wiki mbili itoe kila lenzi, imulike na tochi. Na kama kuna lenzi unayoitoa kuimulika tu, mwaka mzima, iuze ingali na bei. Niliuza 16-35 mwezi wa tatu.

Hatua ya 7. Ukirudi, mwaga begi lote usiku huo huo. Begi lililobaki limejaa ndilo litakalokuchagulia kesho.

Maswali yaje.

—

Bandarini: Dada nina Canon, nibebe lenzi gani?

Mwandishi: Kazi gani? Hatua ya 3.

Bandarini: Kazi ya kawaida tu

Mwandishi: Hakuna kazi ya kawaida, kaka. Andika ile sentensi moja uilete hapa, nitakujibu.

Mkuu_wa_Zumu: Haya yote ya nini? Mimi nina 18-200 moja, sibadilishi kitu, namaliza harusi nzima. Mnawapotezea watu muda.

Mwandishi: Mkuu, kama wateja wako wanarudi, endelea, sikuzuii. Lakini usiwaambie wanaoanza kwamba ni sawa. Ukiivuta mpaka mwisho, lenzi hiyo inafunguka f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya huo. Uwanjani saa nne asubuhi hutaona tofauti. Ndani ya chumba cha kumpa mkono utaiona, na bibi harusi ataiona pia.

Mkuu_wa_Zumu: Kuna flashi

Mwandishi: Nimeingia vyumba hivyo miaka tisa. Flashi ya usoni wakati ule ni kumnyang'anya mtu siku yake. Hapo sibadilishi neno.

KasuluKwetu: Shikamoo dada. Mimi nina bodi ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), 18-55 iliyokuja nayo na 50 ya f/1.8. Sina kabati la kuchagua. Mwezi ujao shule yetu inakwenda Gombe, mimi ni mwalimu, nimepewa kazi ya picha. Je, niazime lenzi ndefu au niende na hizi? Na kwa nini unasema mwanga hafifu mchana?

Mwandishi: Marahaba, mwalimu, na asante kwa kuuliza hivi. Usiazime. Bodi yako kama ni Canon inakata pembeni, kwa hiyo 50 inaona kama 80 kwenye bodi ya sensa kubwa. Kwa mita 10 utapata sokwe mzima na tawi alilokalia, na hiyo ni picha nzuri kuliko uso uliotikisika. Majani ya juu yanakula mwanga mwingi, unabaki na mabaka ya jua hapa na pale. Kamera inapima lile baka, inamfanya sokwe mweusi awe kivuli. Kwa hiyo fungua f/2, weka shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande hata 3200, na upime mwanga kwenye manyoya yake, si kwenye majani nyuma yake. 18-55 iwe ya wanafunzi botini na ufukweni. Fanya mazoezi wiki hii na mbuzi mweusi chini ya mwembe, ni mtihani uleule. Na usione aibu kwa uchache wa vifaa. Mpiga picha Hugo van Lawick alipofika Gombe mwaka 1962 kulikuwa na filamu tu, na roli la milimita 35 lina fremu 36. Wewe kadi moja inakupa mamia.

KasuluKwetu: Mbuzi ninaye nyumbani. Nitaleta majibu hapa.

Simba_wa_Reli: Simu ikilowa naweka kwenye mchele. Kamera nayo?

Mwandishi: Hapana. Unga wa mchele unaingia kwenye viungo. Upepo na kivuli.

Simba_wa_Reli: Ila watu wengi wanafanya

Mwandishi: Nimeshajibu.

Nyuki_wa_Tabora: Dada, huku kwetu adui si maji, ni vumbi. Kiangazi ukienda Sikonge au Urambo kwa pikipiki, begi linarudi jekundu. Ndoo ya rangi inafaa?

Mwandishi: Inafaa sana, ila kwenye pikipiki itakusumbua kuifunga. Funga bodi na lenzi zikiwa tayari zimeunganishwa ndani ya mfuko wa nailoni mzito, kaza mdomo kwa mpira, ndipo uweke begini. Ukifika, pangusa begi nje kabla ya kulifungua. Na vumbi likiingia kwenye sensa usipulize kwa mdomo, mate yanabaki. Tumia kipulizo cha mpira, kamera ikiangalia chini.

Nyuki_wa_Tabora: Naongeza na mimi kidogo: kwenye treni ya kuja Kigoma, dirisha likiwa wazi vumbi ni lile lile. Mimi hulala na begi kichwani. Pia stesheni na bandarini ombeni ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Mwandishi: Kweli kabisa, asante kaka. Hilo la ruhusa nilipaswa kuliandika juu.

Bandarini: Nimerudi dada. Sentensi: "Wavuvi wa dagaa usiku, taa zimewaka, nyuso zinaonekana." Nina 24-105 ya f/4, 50 ya f/1.8 na stendi kubwa.

Mwandishi: Sasa umeuliza, na ni picha nzuri. Stendi iache. Inasimama, lakini boti chini yake inacheza, kwa hiyo haikusaidii lolote. Chukua 50, nyingine ibaki. Pima mwanga kwenye uso, taa yenyewe iache itoke nyeupe tupu. Na usiende mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi inawatawanya dagaa na wavuvi wengi hawatoki.

Mtoto_wa_Katonga: Dada yuko sahihi, ila nimezaliwa kwenye kazi hiyo, niongeze. Nenda siku ya nne au ya tano baada ya mwezi mpevu. Siku hizo mwezi unachelewa kutoka, mnapata saa kadhaa za giza mwanzo wa usiku, dagaa wanakusanyika kwenye taa mapema, na nyuso zote zinaangalia wavu. Mwezi ukitoka baadaye unapata milima nyuma. Na uulize kwanza kama ziwa liko wazi, mwaka 2024 lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei.

Mwandishi: Mdogo wangu, miaka yote hii sikulijua hilo la siku ya nne. Nami nakuja. Tutaongea pembeni, mnitajie nauli na mafuta.

Mtoto_wa_Katonga: Karibuni wote wawili. Viatu vya ngozi msije navyo. Wavu ukishainuliwa mara mbili mbao zinateleza kama sabuni, na huko mbele ya boti hakuna pa kushika.