Ukitoka kwenye upasuaji wa kupunguza uzito, hangaika na maji kwanza

Nimemuuguza dada yangu hapa Dodoma baada ya upasuaji huo, na natamani mwenzangu ajue hili mapema: kazi kubwa ya wiki za mwanzo ni maji. Tumbo limebaki dogo mno, halipokei glasi nzima kwa mkupuo, na hewa ya huku ni kavu, upepo nao hautulii. Ukingoja kiu, umeshachelewa.

Sisi tuliweka kikombe kidogo cha kahawa, kama vile vya kijiweni, pembeni yake muda wote. Anameza funda moja, anapumzika, anarudia, mpaka kutwa itimie lita moja na nusu hivi. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, maji hayatoshi. Usinywe wakati wa kula; subiri nusu saa baadaye. Soda acha kabisa, na juisi ya zabibu pia, maana sukari ikishuka haraka kwenye utumbo huleta kizunguzungu, jasho na kuhara.

Ugali wa uwele utasubiri. Ni vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kwa ratiba ya daktari wako.

Wageni watakuja na mabakuli ya chakula kwa upendo. Waombe wakuchotee maji badala yake, kwani ndoo ya lita 20 usiinue. Tembeatembea uani, damu isigande miguuni.

Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi, kutapika hata maji, au mguu mmoja kuvimba: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.