Mota ya pampu ya bwawa ikivuma bila kuzunguka
Wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani hapa Arusha, mota ya pampu ikivuma tu bila kuzunguka, usikimbilie kununua mpya. Zima umeme kwenye meinswichi, kisha zungusha shafti (mhimili wa mota) kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, mara nyingi tatizo ni kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji ya umeme na kuisaidia mota kuanza kuzunguka, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota. Fundi aondoe kwanza chaji iliyobaki ndani, maana inapiga hata umeme ukiwa umezimwa, na kapasita mpya iwe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile.

Shafti ikikwaruza, na kuna michirizi ya kutu chini ya mota, huenda sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) imevuja na beringi zinazobeba shafti zimeliwa. Tafadhali, usikubali fundi abadilishe beringi halafu arudishie sili ya zamani! Maji yataingia tena.