Kasti kwenye mashapo ya mkojo: punguza mwanga kwanza

Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, usomwe ndani ya saa mbili tangu utolewe. Kasti, yaani vipande vidogo vya protini vinavyofinyangwa ndani ya mirija ya figo, hudumu kwenye mkojo mzito wenye asidi. Ukiuacha mezani kwenye joto la Mwanza, bakteria wanazalisha amonia, pH inapanda (asidi inapungua), kasti zinayeyuka.

Huku kwetu kuna mgongano wa muda. Mayai ya kichocho cha mkojo hutafutwa kwenye sampuli ya kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kwa hiyo mtoto wa Kwimba au Misungwi mwenye mkojo mwekundu aombwe sampuli mbili. Ya mchana, hasa kama ameshakunywa maji mengi, ni nyepesi mno kwa kasti.

Zungusha ml 10 kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 400 (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 5, bila breki. Pima nusukipenyo cha rota, kichwa kinachozungusha tyubu: kikiwa sm 15 weka mizunguko kama 1,550 kwa dakika, kikiwa sm 10 weka kama 1,900. Ukizidisha, kasti zinakatika. Mwaga maji ya juu, bakiza ml 0.5, gonga kitako cha tyubu kwa kidole mpaka mashapo yachanganyike. Usivute na kusukuma kwa pipeti. Tone moja, kifuniko, basi.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo kasti nyingi hupotea. Kasti ya hayalini ni protini tupu, uromodulini, na inapitisha mwanga karibu sawa na maji yaliyoizunguka. Slaidi ikiwa inang'aa vizuri machoni, huioni. Anza na lenzi ya 10. Shusha kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga), funga dayaframu (tundu lake la kupitisha mwanga) hadi uwanja uwe wa kijivu na kingo za chembe zionekane nyeusi kidogo. Kupunguza taa peke yake hakutoshi, kwa sababu kunapunguza ung'avu bila kuongeza utofauti. Dayaframu ndiyo yenye kazi. Kisha chezesha fokasi ndogo mbele na nyuma muda wote, maana hayalini hujitokeza pale fokasi inapopita tu. Pita kwanza kwenye kingo nne za kifuniko, kasti hukimbilia huko, ndipo uingie katikati. Ukihamia lenzi ya 40 fungua dayaframu kidogo, la sivyo utaona giza. Rangi ya Sternheimer-Malbin inasaidia, ila mwanga ukikaa sawa si lazima.

Kasti halisi ina pande mbili sambamba na ncha ya mviringo, au iliyokatika. Ute hupinda na kuchongoka mwishoni kama mkia wa panya. Uzi wa pamba unang'aa kupita kiasi na una kingo nene nyeusi. Rundo la urati, chumvi ya asidi ya uriki, hasa mkojo ukitoka kwenye friji, hufanana na kasti ya chembechembe lakini halina ukingo; pasha tyubu kwenye maji ya vuguvugu uangalie tena. Fosfati, chumvi nyingine, huyeyuka kwa asidi asetiki, ila tumia tone jingine, kwani asidi hiyo hupasua chembe nyekundu za damu.

Hayalini chache kwa mvuvi aliyeshinda juani akivuta nyavu si ajabu. Za nta, zenye kingo kali na nyufa, hasa zikiwa pana, huashiria ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Za chembechembe za kahawia kama tope, zikiwa nyingi, zinaelekeza kwenye mirija ya figo iliyoumia ghafla.

Kasti ya chembe nyekundu ndiyo ya kupigia daktari simu. Kichocho hutoa damu kwenye kibofu, chini ya mirija inakofinyangwa kasti, kwa hiyo utaona chembe nyekundu tele na mayai yenye mwiba nchani, bila kasti za damu. Rundo la chembe zilizogandana lisikudanganye: tafuta ukingo wa protini unaozifunga pamoja na rangi ya chungwa au kahawia nyekundu. Ukiona kasti hizo na mayai kwenye mkojo mmoja, ripoti vyote viwili. Yai halifuti tatizo la glomeruli, vichujio vya figo.

Hesabu nyuga 10 kwa lenzi ya 10, andika wastani kwa uwanja mmoja, na kila aina kwa jina lake. "Kasti zimeonekana" haimsaidii daktari.